Tundu moja, mikono miwili: shajara ya sanduku la mazoezi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Dakta kaingia karakana saa nane mchana na glavu mkononi. Vidole vitatu vya hiyo glavu kavikata ncha, kila kimoja kakifungia troka, kile kijibomba cha kupitishia vyombo tumboni, kwa uzi wa kushonea, na mdomo wa glavu kauvuta juu ya bangili ya plastiki. Akaiweka mezani kati ya soda yangu na bisibisi.

"Kaka, mlango ninao. Niundie tumbo."

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Mnara wa laparoskopi, yaani mitambo ya upasuaji wa tumbo kwa kamera na matundu madogo, naujua kwa ndani: pampu ya gesi, taa, kamera, na ile kebo ya taa ambayo nyuzi zake za kioo hukatika kwa sababu kuna mtu lazima aikunje. Kazi yenyewe ya mkono wa mpasuaji nilikuwa naiona kwenye skrini tu, nikiitwa thieta picha ikipotea.

Anachotaka ni hiki. Upasuaji wa figo kwa matundu madogo kwa kawaida hutumia matundu matatu hadi matano: moja la kamera, mawili ya mikono ya mpasuaji, na mengine ya msaidizi. Yeye anasomea urolojia, tiba ya figo na njia ya mkojo, na anataka kujifunza njia ya tundu moja, kamera na vyombo vyote vipite kitovuni kwa mkato wa kama sentimita mbili na nusu, kovu lijifiche kwenye mkunjo wa kitovu. Bosi wake kamwambia hagusi mgonjwa kwa njia hiyo kabla hajaonyesha mkono wake kwenye sanduku la mazoezi, lile tumbo bandia. Na masanduku ya dukani nimeuliza: bei yake unanunua bodaboda na kofia mbili.

Nimemwambia nipe wiki mbili. (Nikirudia kusoma hapa, nacheka.)

Jumamosi, 8 Februari

Kariakoo asubuhi. Kontena la plastiki la kuwekea nguo, lenye kifuniko kigumu. Taa ya LED ya utepe, mita moja. Kamera ndogo ya kompyuta, ile ya kubana juu ya skrini, nikaivua gamba na kuifunga kwenye ncha ya bomba la alumini. Mtaa wa jirani, Gerezani, nikapata bomba lenyewe bure, jamaa namdai kazi ya zamani.

Kilichonichelewesha ni ngozi ya tumbo. Nilianza na kifuniko kitupu, shimo kwenye plastiki, nikaona vyombo vinacheza huku na huku bila kizuizi, na tumbo la mtu haliko hivyo. Ukuta wa tumbo una unene, na pale kwenye tabaka gumu chini ya mafuta ndipo chombo kinapobanwa na kuwa kama kasia la mashua linaloegemea ubao: unasukuma huku, ncha inakwenda kule. Nimejaribu sponji ya godoro, laini mno. Tyubu ya baiskeli, nyembamba mno. Mwisho soli ya kandambili, mpira wa sentimita moja na nusu, na chini yake kipande cha tyubu kimebandikwa kwa gundi ya viatu. Nikapasua mkato mmoja wa sentimita mbili na nusu kwa wembe. Ukiingiza kidole, unabanwa vizuri.

Sista wa thieta alipita kuchukua chaja yake, akatazama kifuniko.

"Na tundu lingine la akiba liko wapi?"

Nikamwambia, Mama, hili ni sanduku la tundu moja. Ukishatoboa mawili ni sanduku lingine. Akaondoka akitikisa kichwa.

Jumatano, 12 Februari

Jaribio la kwanza. Dakta kaja baada ya raundi, bado na stetoskopu shingoni.

Zoezi ni la pete: misumari kumi na miwili kwenye ubao, pete sita nilizokata kwenye bomba la mpira la kumwagilia. Unainua pete kwa mkono mmoja, unaikabidhi mkono wa pili hewani, unaiweka upande wa pili, na zikiisha sita unazirudisha. Zoezi la aina hii lilikuzwa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na leo wanafunzi wa upasuaji wa matundu nchi nyingi hupimwa nalo. Kwanza kafanya kwenye sanduku la zamani la matundu mawili yaliyo mbalimbali: dakika moja na sekunde kumi. Halafu kwenye langu, kwa glavu na bangili: dakika nne na sekunde arobaini, na pete mbili zimeanguka nje ya uwanja.

Nilikaa upande nikaangalia mikono yake badala ya skrini, na hapo ndipo nilipoielewa kazi hii.

Matundu yakiwa mbalimbali, kamera iko katikati na vyombo vinakuja kutoka pembeni, kushoto na kulia, vinakutana kwenye kazi. Ni pembetatu. Mtu akishona nguo mikono yake hufanya hivyohivyo bila kufikiri. Kwenye tundu moja pembetatu imekufa. Vyombo vinaingia sambamba, vimelala ubavu kwa ubavu na kamera, kama watu watatu kwenye kiti kimoja cha daladala. Nje, vishikio vinagongana. Ndani, ncha zinagongana. Ukitaka ncha ziachane inabidi uvipishanishe pale kwenye mkato, umbo la X, na ukishavipishanisha, chombo cha mkono wa kulia kinatokea upande wa kushoto wa skrini. Sasa ubongo una kazi mbili: mkono ukienda juu ncha inashuka, hilo alishalizoea, na juu yake kulia ni kushoto.

Alipomaliza, kifundo cha kidole chake cha shahada kilikuwa chekundu kwa kugongwa na kishikio cha kamera. Akakipulizia. "Tena," akasema.

Ijumaa, 14 Februari

Umeme hamna, drili imelala. Dakta kaleta makaratasi, tukakaa barazani nyuma ya jenereta.

Nilikuwa nadhani mambo haya ni ya zamani sana. Figo ya kwanza kutolewa kwa laparoskopi ilitolewa 25 Juni 1990, St. Louis, Marekani, na Ralph Clayman na wenzake: mama wa miaka 85, uvimbe kwenye figo ya kulia, muda wa karibu saa saba mezani. Figo waliitia kwenye mfuko humohumo tumboni, wakaisaga, wakaitoa vipande vipande kupitia tundu dogo. Nilimwambia Dakta arudie hapo. Akarudia.

Tundu moja lilikuja 2007. Kundi la Dallas, Texas, walichapisha mwaka huo kazi yao ya kutoa figo kupitia kitovu, na walianza na nguruwe maabara kabla ya kufika kwa wagonjwa wachache. Hilo Dakta alilipigia mstari kwa kalamu nyekundu, maana ndilo bosi wake analomwambia kila siku kwa maneno makali zaidi. Baada ya hapo kila hospitali ikaja na jina lake, mpaka Julai 2008 wakakutana Cleveland kukubaliana, wakatoka na LESS, kifupi cha Kiingereza cha upasuaji wa kamera kupitia sehemu moja. Majina yalikuwa yanaelekea kuwa mengi kuliko wagonjwa.

Karatasi iliyonikaa kichwani ni ya 2011: wagonjwa 1,076 kutoka vituo 18. Hawa ni mabingwa wenyewe, si wanafunzi. Na karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hakumalizwa kwa tundu moja tu. Wengi wa hao waliongezewa tundu dogo la msaada. Waliofunguliwa tumbo kabisa ni kama mmoja kwa mia.

Nikamuuliza kama hao wa tundu la msaada walihesabiwa wameshindwa. Dakta akafikiri. "Kwenye jedwali ndiyo. Mezani sijui."

Jumamosi, 22 Februari

Wiki mbili zimepita na siko hata nusu. Leo nimepima gesi.

Sandukuni gesi haihitajiki, kifuniko ni kigumu chenyewe. Kwa mgonjwa, tumbo hujazwa kaboni dayoksaidi mpaka shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki ili ukuta uinuke na nafasi ipatikane. Glavu ikivuja, paa linashuka juu ya vyombo. Dakta alitaka kujua ufungaji wake wa uzi unashika kiasi gani, na mimi nilitaka kutumia kitu kilichokuwa kimenikaa mezani miezi: kipimo cha presha kibovu, pampu yake nzima, saa yake nzima, kitambaa chake kimechanika. Saa ya presha inasoma milimita za zebaki hizohizo. Nikaiunga kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, glavu juu, nikapampu mpaka 15.

Glavu ikavimba ikasimama kama mkono unaokusalimia. Vidole viwili visivyo na troka vikachomoza. Tukacheka wote, hata yule kijana wa usafi. Halafu mshale ukaanza kushuka, na ukishika sikio karibu unasikia: si kwenye uzi, ni kwenye bangili, pale kiungo cha plastiki kina ukingo mkali. Nimeisugua kwa msasa namba 400, nikaizungushia utepe wa plasta. Mara ya pili mshale ulikaa.

Kwa Wakorea njia hii ya glavu si ya kimaskini, ni ya kawaida. Walichapisha kazi zao za figo kwa glavu ya upasuaji iliyovutwa juu ya pete ya kupanulia jeraha. Pete yao ni ya kununua na ni safi kwa kuingia mwilini. Bangili yangu ya Kariakoo haitoki nje ya karakana hii, na nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito: MAZOEZI TU.

Jumanne, 11 Machi

Mwezi wa mfungo, mazoezi yamehamia asubuhi kabla ya thieta. Baada ya Alasiri mikono yangu haiaminiki na ya Dakta vilevile.

Amefika dakika mbili na nusu kwenye pete. Hapo kasimama wiki nzima, hashuki. Tatizo ni vyombo vilivyonyooka. Kuna vya kununua vinavyopinda shingo mkononi mwako, na bei yake siiandiki hapa. Kuna pia roboti: da Vinci SP, iliyoruhusiwa Marekani kwa urolojia mwaka 2018, inapitisha kamera na vyombo vitatu kwenye mrija mmoja wa milimita 25, na kila kimoja kikishaingia kinapinda kiwiko chake ndani ya tumbo. Yaani ile pembetatu iliyokufa mlangoni inafufuliwa ndani, na kulia inabaki kulia. Nimeangalia video yake mara tatu. Ni kazi nzuri ya kifundi, siwezi kusema uongo.

Nina koleo la laparoskopi lililotupwa, taya nzima, mpini nzima. Nimeamua kulipinda.

Alhamisi, 20 Machi

Koleo limenifundisha adabu.

Ndani ya ala yake kuna fimbo nyembamba ya chuma inayokwenda na kurudi: ukibana mpini inavuta, taya zinafunga, ukiachia inasukuma, zinafunguka. Nimelijaza bomba mchanga ili lisibonyee, nimelipinda taratibu kwenye kigogo, kona nzuri ya nyuzi kama 30. Kurudisha fimbo, haipiti. Nikaipinda nayo, ikapita, ikakwama. Kilichonyooka hakizunguki kona, hilo hata mtoto anajua, mimi nimelijua saa tano usiku.

Suluhisho lilikuwa ukutani, kwenye baiskeli ya mlinzi. Waya wa breki. Huo unazunguka kona bila kinyongo. Ila waya unavuta tu, hausukumi, kwa hiyo taya zilifunga na kukataa kufunguka. Nikavunja kalamu tatu za biki kupata springi moja yenye ukubwa unaofaa, nikaikalisha nyuma ya taya. Sasa mpini unavuta, springi inarudisha.

Nimefanya na jambo lingine dogo lililosaidia kuliko yote: chombo cha pili nimekiongezea urefu, kama sentimita kumi. Kimoja kirefu, kimoja kifupi, vishikio havikutani tena kwenye kimo kimoja. Na kebo ya kamera inatokea nyuma badala ya ubavuni. Mabingwa wanafanya hivyo kwa vyombo vya kununua, kimoja cha urefu wa kawaida na kimoja kirefu, pamoja na kiungo cha kona kwenye kebo ya taa. Siku ile ile Dakta akashuka chini ya dakika mbili. Kidole chake hakikupigwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Figo.

Jumamosi alfajiri nilikwenda machinjioni Vingunguti. Nilidhani figo ni figo. Ya ng'ombe ni kubwa lakini ina vifundo vifundo kama kichane cha zabibu, haifanani na ya mtu. Ya mbuzi ni laini, ina umbo lenyewe, ila ndogo, kama nusu ya yetu. Nikachukua za mbuzi. Shida ni kwamba mchinjaji hukata mishipa karibu kabisa na nyama, kwake mishipa ni uchafu, na kwetu mishipa ndiyo kazi. Ikabidi nimweleze nataka figo na mafuta yake, na mshipa wa damu wote mpaka kwenye ule mkubwa wa mgongoni. Akanitazama juu mpaka chini. "Bwana mkubwa, hii ni ya kula au ya dawa?" Nikamwambia ya shule. Kanipa nne, kakataa hela ya mishipa.

Sandukuni nikaibana figo kwenye ubao kwa pini, mshipa wake wa ateri, ule unaoingiza damu, nikauingizia mrija wa dripu, na mfuko wa dripu nikautia juisi ya rosela. Hesabu nilifanya mwenyewe: safu ya maji ya sentimita 136 ni shinikizo la milimita 100 za zebaki, karibu na presha ya damu ya mtu. Nikapigilia msumari ukutani kwa kimo hicho juu ya meza.

Dakta akaanza kuchambua mafuta. Hapa sikuwa na cha kusema, nilishika kamera tu kama nilivyoagizwa. Pole pole, nyuzi kwa nyuzi, akatenga mshipa wa vena, unaotoa damu, uliolegea mbele, akaenda nyuma yake kutafuta ateri. Koleo lililopinda lilifika pale ambapo lililonyooka halifiki, likapita nyuma ya mshipa likatokea upande wa pili, nikaona taya zinafunguka (springi ya biki!). Akahitaji mkono wa kushoto uinue figo ili mshipa unyooke. Mkono wa kushoto ukainua, ukagonga kamera. Nikasogeza kamera, nikagonga mkono wa kulia. Rosela ikaruka kwenye lenzi. Skrini nzima nyekundu.

Nilitoa kamera, nikafuta, nikarudisha. Sanduku lilikuwa limejaa. Wakati wa kufuta lenzi mtu mzima angekuwa amepoteza damu kiasi gani, Dakta hakusema na mimi sikuuliza. Sista alikuja na tambara.

Baadaye, tukinywa chai, Dakta alisema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema. Figo ikitolewa nzima lazima ipitie mlango fulani, iwe ya saratani au ya mchangiaji anayempa ndugu yake. Mkato wa kuitolea upo tu, kwa hiyo kuupitishia vyombo vyote ina maana. Lakini figo nyingi anazoziona yeye ni zile zilizokufa kwa mrija wa mkojo kuziba, mawe ya miaka au kovu la kichocho, zimevimba na kushikamana na kila kitu kwa usaha wa zamani. "Hizo hata kwa matundu manne jasho linakutoka. Anayezitafuta kwa tundu moja anatafuta picha ya kitovu."

Jumatano, 7 Mei

Leo bosi wake kaja kuangalia. Shikamoo, marahaba, akaketi kwenye kiti changu bila kuambiwa.

Figo mpya, rosela mpya. Pete kafanya kwa dakika moja na sekunde hamsini, bosi hakuinua hata nyusi. Figo ikaenda vizuri mpaka kwenye ateri. Dakta akapita nyuma yake, akataka kuinua, akagongana na kamera. Akarudi. Akajaribu tena kwa pembe nyingine. Mara ya tatu akasimama, mikono imetulia, akasema kwa sauti ya kawaida: "Naomba tundu la pili, milimita tano, chini ya mbavu."

Kimya. Kifuniko changu hakina tundu la pili. Bosi akanigeukia.

"Fundi, mgonjwa anasubiri."

Nilichukua drili. Nikamuuliza Dakta wapi, akaniwekea kidole, nikatoboa hapohapo mbele yao, vumbi la plastiki likaanguka juu ya figo. Akaingiza koleo la tatu, mimi nikalishika, nikainua figo juu. Mshipa ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Akabana kwa klipu mbili upande wa mwili, moja upande wa figo, akakata katikati. Rosela haikutoka tone.

Bosi akauliza swali moja: ulijuaje ni wakati wa kuomba? Dakta akajibu kwamba alijiwekea majaribio matatu kabla hajaanza, na la tatu lilikuwa limeisha. Bosi akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema Jumatatu aje thieta kama msaidizi kwenye figo ya matundu manne, ya tundu moja itazungumzwa baadaye. Akashukuru kwa kiti.

Jioni nimesafisha tundu lile kwa drili ya milimita 13 na kulisugua msasa. Kizibo cha mpira cha kichupa cha dawa ya sindano kinaliziba sawasawa. Sista alipita kuchukua chaja yake, akakiona, akakichomoa, akachungulia ndani, akakirudisha mahali pake.